Daftari la Mizigo, Wete

Umeniuliza, Riziki, nimpe nani magunia yangu.
Kaa. Simu iweke chini.
Daftari hili lina miaka kumi na mbili na harufu ya mwani,
jalada lake limekwenda na mende.

Ukurasa wa kwanza utamkuta Vuai wa Kiuyu.
Nauli yake nusu ya wenziwe.
Nilicheka peke yangu njia nzima, nikajiona hodari.
Gunia arubaini kutoka Makangale, turubai moja,
na turubai lenyewe matundu kama kifumbu cha nazi.
Mvua ya Konde haikubisha hodi.
Mkoani bandarini mizani ikasema kilo zimezidi
nami, mjinga, nikafurahi,
kumbe ni maji yaliyopanda gari bila kulipa.

Mnunuzi wa Unguja alitia mkono ndani ya gunia,
akautoa, akaunusa, akanitazama.
Hakutukana.
Heri angetukana.

Rahisi huvunja upishi, mama alinambia
nikadhani anasema mambo ya jikoni.

Tangu siku ile bei naiuliza mwisho.
Kwanza nauliza: gari hulala wapi?
Dereva akiumwa, nani anashika usukani?
Gunia likipotea, analipa nani, na lini?
Halafu nanyamaza, nisikilize anavyojibu.
Wapo wanaosema "inshallah" kisha wakatazama pembeni.
Inshallah hata mimi naisema, kila siku,
lakini haikujazi fomu, haikutii sahihi.

Msellem alikuwa ghali.
Ghali, na mkavu kama muhogo wa makopa:
hakunichekea, hakuniita dada.
Alizunguka mzigo wangu mara mbili, akabonyeza,
akasema, "Gunia hizi tatu hazijakauka. Sizichukui."
Nilikasirika hadi magharibi.
Gunia tatu nikazianika upya.

Ukurasa wa thelathini na moja, soma mwenyewe:
*saa nane usiku, Msellem kapiga simu,
rejeta imepasuka kilima cha Mtambile,
meli ya asubuhi hatuiwahi.*
Hakuna zaidi. Hakuapa, hakumsingizia fundi.
Nami alfajiri nikampigia mnunuzi
kabla hajafungua duka lake wala mdomo wake.
Aliguna. Akangoja.
Habari mbaya ikifika mapema, mwanangu,
huwa ishaanza kujitengeneza njiani.

Sasa na wewe usijione malaika.
Niliwahi kuandika kilo hamsini kwenye gunia la sitini.
Mabega ya wapagazi hayakusoma karatasi yangu,
yalisoma gunia,
na walinilaza pale bandarini mzigo wa mwisho, jua la utosi.
Usimwite mtu saa kumi na mbili
ukaanza kushona magunia saa tatu.
Ukisema utalipa Alkhamisi, Ijumaa si Alkhamisi.

Ule mwaka karafuu zilipozaa hata matawi yakavunjika,
kila lori Pemba likawa na bwana wake na bei ya wazimu,
mwani nani anautazama?
Msellem akarudi nyuma na gari mpaka mlangoni kwangu,
bei ileile ya kiangazi.
Sikumuuliza kwa nini.
Akafunga kamba, akasema tu,
"Wewe hukunifanya nikudai."

Lakini usimtwike yeye peke yake; naye ana mgongo.
Mwaka jana ulimlaza wiki sita,
na kama nisingekuwa na namba ya mtoto wa Bi Mchanga,
yule wa keri ya buluu,
mwani ungenisubiri uani mpaka leo.

Ukurasa unaofuata mweupe, ni wako.
Andika jina, namba ya gari, saa ya kutoka, saa ya kufika.
Turubai litandaze chini, ulikague kwa kidole,
kabla hujataja shilingi.

Na Vuai, nasikia kanunua jipya.
Jana kanisalimia sokoni, macho chini.
Mpe gunia mbili.
Uone.